Nani mwenye hesabu? Taarifa za usalama nchini Kenya, tangu redio moja hadi simu za mkononi

Mapema mwezi Novemba 2011, majuma machache baada ya Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) kuvuka mpaka na kuingia Somalia katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi, msemaji wa jeshi hilo, Meja Emmanuel Chirchir, alitumia akaunti yake ya Twitter kuitaja miji kumi ya Somalia, miongoni mwayo Baidoa, Afgooye, Jilib, Afmadow na Kismayo, na kuwaonya wakazi wake kwamba ingeshambuliwa. Muda mfupi baadaye akaongeza kuwa kundi lolote kubwa la punda waliobebeshwa mizigo lingehesabiwa kuwa ni shughuli ya al-Shabaab. Wakenya walicheka sana kuhusu punda hao, nami nilicheka pamoja nao.

Kicheko kilipopita, swali zito likabaki. Onyo lile lilikuwa la nani hasa? Mchuuzi wa Afmadow ambaye punda wake ndiye gari lake hakuwa na intaneti ya kutegemea, na ujumbe wenyewe ulikuwa kwa Kiingereza. Walioupata kwanza walikuwa wanahabari wa mataifa ya nje na Wakenya wa mijini wenye simu za kisasa, yaani watu ambao hawakuwa na hatari yoyote ya kupigwa mabomu kule Gedo au Juba ya Chini. Kwa hiyo, ingawa maneno yalikuwa ya onyo la kivita, kazi yake ilikuwa ya kuonyesha: jeshi limeingia katika zama mpya, linazungumza moja kwa moja na dunia bila kupitia kwa mhariri wa gazeti wala msomaji wa taarifa ya saa moja.

Adui naye alikuwa akisoma. Mwezi Desemba mwaka huohuo al-Shabaab wakafungua akaunti yao waliyoiita ofisi ya habari, wakaandika kwa Kiingereza kilichonyooka, na wakaanza kumjibu msemaji wa KDF hadharani, kejeli kwa kejeli. Raia wa kawaida aliweza, kwenye kioo kimoja cha simu, kusoma taarifa ya jeshi lake na kanusho la wale wanaopigana nalo, zikifuatana kwa dakika chache. Hali ilizidi kuharibika Januari 2012, pale picha zilizowekwa kwenye akaunti ya msemaji kama ushahidi wa ukatili mpya wa al-Shabaab dhidi ya Mkenya zilipobainika kuwa za miaka ya nyuma. Hakuna shaka kwamba kundi hilo lilikuwa la kikatili. Ushahidi wa kweli ulikuwa tele. Lakini picha moja isiyo yake iliwapa wapinzani wa jeshi kitu cha kuonyesha kila mara lilipotoa ushahidi ulio wa kweli.

Inafaa kukumbuka tulikotoka ili tuelewe jinsi jambo hili lilivyokuwa geni kwa watawala wetu. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga waliojaribu kumpindua Rais Daniel arap Moi walijua kabisa pa kwenda. Walimchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, wakampeleka kwenye studio za Sauti ya Kenya, na nchi nzima ikaambiwa kwamba serikali imeanguka. Kabla ya siku kwisha, wanajeshi watiifu kwa rais walikuwa wameikomboa stesheni, na kituo kilekile kikatangaza kwamba serikali ya Moi ingalipo. Wazee wetu husimulia kwamba waliketi kando ya redio wakingoja, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuuliza. Aliyeshika maikrofoni ndiye aliyekuwa na serikali, walau hadi pale mwingine atakapoishika.

Mazingira hayo ndiyo yaliyowezesha jambo kama la Wagalla. Februari 1984, wanaume wa jamii ya Wadegodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakazuiliwa kwa siku kadhaa kwenye jua kali, na wengi wakauawa. Serikali ilipobanwa kutoa idadi ilisema 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilitaja uwezekano wa waliokufa kukaribia 1,000. Kati ya hesabu ya kwanza na ya pili ilipita miaka 29, na kwa miaka mingi katika muda huo hesabu ya 57 ilisimama, kwani aliyeitoa ndiye aliyekuwa na redio, televisheni, na mamlaka ya kuamua nani asafiri kwenda Kaskazini Mashariki.

Hapo ndipo nionapo kiini cha badiliko lenyewe. Watu wengi husema kwamba mitandao ya kijamii imeiharakisha habari, na ni kweli, ila kasi si jambo kubwa kuliko yote. Kikubwa ni kwamba serikali imepoteza haki ya kuwa mhesabu pekee. Zamani idadi ya waliokufa, ya washambuliaji na ya wanajeshi waliopotea ilitoka mahali pamoja, hivyo hata ikiwa ya uongo haikuwa na mshindani. Sasa kila idadi inayosomwa na waziri hukutana na nyingine iliyotangulia, na raia hulinganisha. Serikali yetu ilikubali chombo kipya upesi mno, lakini ikaendelea kukitumia kwa mazoea ya Sauti ya Kenya.

Shambulio la jengo la maduka la Westgate, jijini Nairobi, lilidhihirisha hayo kwa siku nne mfululizo. Lilianza mchana wa Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2013, na mimi, kama watu wengi, nililifuatilia nikiwa na redio upande mmoja na simu upande wa pili. Wizara ya Usalama wa Ndani, Inspekta Jenerali wa Polisi David Kimaiyo, jeshi, kituo cha kushughulikia majanga na Msalaba Mwekundu wa Kenya, wote walikuwa wakiandika kwenye Twitter kwa wakati mmoja. Al-Shabaab nao walikuwa humo. Akaunti yao ikifungwa wanafungua nyingine, ikifungwa hiyo wanafungua ya tatu. Tuliambiwa tena na tena kwamba hali imedhibitiwa, huku milio ya risasi ikisikika nyuma ya mwanahabari aliyekuwa akitusomea taarifa hiyo.

Siku ya Jumatatu moshi mzito ulipanda kutoka ndani ya jengo. Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Ole Lenku, akaeleza kwamba magaidi walikuwa wamechoma magodoro. Alisema washambuliaji walikuwa kati ya 10 na 15, na kwamba wote ni wanaume, ingawa baadhi yao walivaa nguo za kike. Siku hiyohiyo Waziri wa Mambo ya Nje, Amina Mohamed, alipohojiwa na televisheni ya PBS ya Marekani, akasema miongoni mwao walikuwamo Wamarekani wawili au watatu na mwanamke Mwingereza. Mawaziri wawili wa serikali moja walikuwa wametoa kauli zisizoweza kupatana, na zamani pengine tusingejua, kwani mahojiano ya televisheni ya Marekani yasingetufikia upesi hivyo. Safari hii kauli zote mbili zilikuwa mikononi mwetu kabla hatujalala. Kesho yake jioni Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba raia 61 na maafisa sita wa usalama wamekufa, magaidi watano wameuawa na washukiwa 11 wanazuiliwa.

Kisha zikaja picha za kamera za usalama za jengo lenyewe. Mtu anaweza kubishana na mwandishi wa habari, hata na shahidi, lakini kamera ya dukani haina chama wala kabila. Picha zilionyesha washambuliaji wanne. Wanne, si kumi wala kumi na watano. Zilionyesha pia wanajeshi wakitoka dukani wakiwa na mifuko ya plastiki, na Mkuu wa Majeshi, Jenerali Julius Karangi, akaeleza kwamba walikuwa wamechukua maji ya kunywa. Baadaye jeshi lenyewe likakiri kwamba wanajeshi wawili wamefukuzwa kazi na kufungwa kwa sababu ya wizi. Rais alikuwa ameahidi tume ya uchunguzi, haikuundwa. Ripoti ya kamati ya pamoja ya Bunge ilikataliwa na wabunge wenyewe mwaka 2014. Mpaka leo raia anayetaka kujua kilichotokea ndani ya jengo lile anategemea zaidi filamu za wanahabari na kumbukumbu za kesi mahakamani kuliko waraka wowote wa serikali.

Sisemi kwamba kila kosa la Westgate lilikuwa uongo. Katika saa za mwanzo za shambulio hakuna anayejua idadi ya washambuliaji. Watu wanaokimbia huona bunduki kila upande, na maafisa wa vikosi viwili visivyo na masafa ya redio ya pamoja huhesabiana wao kwa wao kuwa maadui. Kosa la mtu asiyejua husameheka. Tatizo ni kukitamka kisichojulikana kana kwamba kinajulikana, kisha ukweli ukishapatikana kutorudi kusema, "Jumatatu tuliwaambia hivi, na haikuwa hivyo." Sikumbuki kusikia sentensi ya namna hiyo kutoka kwa waziri yeyote.

Jibu la serikali lilikuwa sheria. Mpeketoni, mji wa kaunti ya Lamu, ilikuwa imeshambuliwa Juni 2014, na rais akalaumu mitandao ya kisiasa ya humu nchini wakati al-Shabaab walikuwa wamekwisha kudai kuwa ni wao. Desemba mwaka huo Bunge, katikati ya vurugu na maji yaliyomwagwa ukumbini, likapitisha marekebisho ya sheria za usalama. Kifungu kimoja kilitishia kifungo cha hadi miaka mitatu au faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa atakayechapisha au kutangaza habari au picha za aina fulani zinazohusu mashambulizi na uchunguzi. Mahakama Kuu ilikibatilisha Februari 2015.

Tukio lililoathiri zaidi imani yangu, hata hivyo, ni El Adde. Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 15 Januari 2016, al-Shabaab waliivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya waliokuwa chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika katika jimbo la Gedo. Taarifa ya kwanza ya KDF ilisema kwamba kambi iliyoshambuliwa ni ya jeshi la Somalia iliyokuwa jirani, na kwamba wanajeshi wetu walikuwa wakijibu mashambulizi. Kufikia jioni picha za miili yenye sare tunazozifahamu zilikuwa zimejaa kwenye makundi ya WhatsApp. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Joseph Nkaissery, akaonya kwamba atakayesambaza picha hizo atachukuliwa hatua, na mwanahabari mmoja aliyeandika mtandaoni kuhusu shambulio hilo akakamatwa kwa madai ya kutumia vibaya chombo cha mawasiliano. Miezi mitatu baadaye Mahakama Kuu iliitangaza sheria iliyotumiwa kumkamata kuwa kinyume cha Katiba.

Onyo la kutosambaza picha za maiti nililiunga mkono, na bado naliunga mkono. Hakuna mama anayestahili kumtambua mwanawe kwenye simu ya jirani. Lakini agizo la kunyamaza lilihitaji kuambatana na taarifa, na taarifa haikuja. Tarehe 27 Januari marais watatu, wa Kenya, Nigeria na Somalia, walihudhuria ibada ya kumbukumbu katika kambi ya jeshi ya Eldoret. Hotuba zilitolewa, sala zikasomwa za dini mbalimbali, wajane wakafarijiwa, na katika shughuli yote hiyo haikutajwa idadi ya wanaokumbukwa. Mwezi uliofuata Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alipokuwa akihojiwa na televisheni, akasema wanajeshi waliouawa walikaribia 200. KDF ilikanusha idadi hiyo lakini haikutoa yake. Baadaye al-Shabaab wakatoa filamu ndefu ya shambulio, iliyopigwa na wapiganaji wao wenyewe, na kuna familia zilizoitazama kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kutazama.

Hapa ndipo sera ya ukimya ilipojipinga yenyewe. Hoja ya kuficha hasara za vita ni kwamba adui asipate la kujivunia na taifa lisivunjike moyo. Hoja hiyo ilikuwa na uzito katika vita ambavyo adui hakuwa na kamera. Kwa El Adde, adui aliyakagua mabaki ya kambi kwa nafasi yake, akahesabu, akapiga picha, akahariri, akatoa. Wasioijua hesabu walikuwa raia wa Kenya peke yao.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 15 Januari vilevile, hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi ilishambuliwa, na sina budi kukiri kwamba serikali ilikuwa imejifunza kitu. Waliozungumza walikuwa wachache, taarifa zilikuwa fupi, na polisi waliwasihi watu wasitaje mahali walipojificha wenzao. Katika kundi letu la ukoo, shangazi yangu aliyeko Likoni, ambaye kwa kawaida hutuma kila anachotumiwa, safari hiyo alituma ujumbe wa sauti akitukemea: "Wanangu, mwenye ndugu mle ndani asiseme yuko ghorofa gani, hawa watu wanasoma." Hata hivyo mazoea hayakwisha kabisa. Usiku ule Waziri Fred Matiang'i alitangaza kwamba majengo yote yamedhibitiwa, na saa chache baadaye, bado usiku, risasi na milipuko vikaanza kusikika upya. Operesheni ilimalizika asubuhi, na watu 21 walikuwa wameuawa.

Tahadhari ya shangazi ina msingi, na anayedai uwazi sharti aizingatie. Katika mashambulizi ya Mumbai ya Novemba 2008, waliokuwa wakiwaongoza washambuliaji kwa simu kutoka Pakistan walikuwa wakitazama matangazo ya moja kwa moja ya televisheni za India na kuwaeleza vijana wao ndani ya hoteli askari wamefika wapi. Mwaka 2015 India ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya operesheni za kupambana na ugaidi, na kuagiza kwamba habari itolewe kwa vipindi na afisa aliyeteuliwa hadi operesheni imalizike. Naiona kanuni hiyo kuwa ya haki, kwa sababu ina mwanzo na mwisho: inaficha mahali alipo askari saa hii, haifichi idadi ya waliokufa mwaka jana. Usiri wa aina ya kwanza huokoa maisha. Wa aina ya pili huokoa vyeo.

Tofauti hiyo ilionekana wazi Lamu. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab waliushambulia uwanja wa ndege wa Ghuba ya Manda, unaotumiwa na majeshi ya Kenya na Marekani. Taarifa ya asubuhi ya KDF ilisema jaribio la kuvunja ulinzi limezimwa na uwanja uko salama, ilhali picha za ndege zikiungua zilikuwa zimeanza kuenea. Jioni ikaja taarifa ya kamandi ya Marekani ya Afrika: Wamarekani watatu wameuawa. Taarifa ya kwanza ya Wamarekani nayo haikuwa imesema mengi, tusiwasifu kupita kiasi. Ila Machi 2022 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilichapisha matokeo ya uchunguzi wake, yakieleza waziwazi kwamba ulinzi wa uwanja ule ulikuwa na kasoro na kwamba walinzi walikuwa wamebweteka. Mkenya wa Lamu anayetaka kujua kilichotokea karibu na kwao anausoma waraka wa Washington, kwa Kiingereza.

Ningekuwa na nafasi ya kumshauri msemaji yeyote wa wizara hizi, nisingemwomba awe na haraka zaidi, kwani mitandao itamshinda daima kwa haraka. Ningemwomba aandike saa kwenye kila idadi: kufikia saa mbili usiku tumethibitisha hivi, na haya bado hatujayathibitisha. Ningemwomba azungumze Kiswahili kwanza, na Kisomali pale wanaohatarishwa wanapokuwa Wasomali. Ningemwomba azifuate takwimu zake mwenyewe siku kumi baadaye na kuzisahihisha mahali palepale alipozitangaza, bila kuzifuta za zamani. Kufuta ndiko kunakoudhi kuliko yote, maana siku hizi hapakosekani mtu aliyepiga picha ya kioo cha simu yake na kuihifadhi.

Jambo hili limekuwa la dharura zaidi tangu programu za kutengeneza picha na sauti bandia zilipofika kwenye simu za kila mtu. Siku moja itasambazwa sauti inayofanana kabisa na ya Mkuu wa Majeshi ikitangaza jambo baya, na jeshi litasema ni ya kughushi. Huenda litakuwa linasema kweli. Watakaosikiliza kanusho hilo ni walewale walioambiwa habari za magodoro, na waliosoma kwamba kambi iliyovamiwa ilikuwa ya jirani.

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu kuzuiwa kwa habari inayohatarisha usalama wa taifa. Kambi ya El Adde iliachwa muda mfupi baada ya shambulio. Mahandaki yake, ratiba za lindo na njia za doria havina siri tena kwa yeyote. Orodha ya waliouawa ipo, kwa kuwa hakuna jeshi linaloweza kuwalipa wajane na mayatima mafao yao bila orodha, na kinachosubiriwa ni sahihi ya mtu mmoja tu, katika Wizara ya Ulinzi, ya kuruhusu ichapishwe.